Nywele Zimebaki Kwenye Waya

Tulimwacha Msusi akining'inia.

Wiki nzima, msomaji wangu, wewe umekula, umelala, umegombana na jirani na mkapatana. Yeye bado ananing'inia pale pale, katikati ya bonde, kilima kimoja mbele na kingine nyuma. Nywele zake zimemezwa na roda, lile gurudumu linalokimbia juu ya waya, shingo imepinda, uso umeelekea mbinguni kama mtu anayedai majibu. Pole yake. Lakini nani alimtuma?

Kwa wale ambao gazeti la wiki iliyopita liliazimwa na jirani halikurudi, habari yenyewe ni fupi. Asubuhi umeme ulikatika. Mashine za kukaushia nywele pale saluni zikazima, na duka la pili cherehani ya Fundi nayo ikanyamaza. Muuguzi, aliyekuwa anatoka zamu na hajalala, akasimamisha gari mlangoni, akawaambia rafiki zake: "Mnakaa gizani mnasubiri nini? Twendeni milimani tukaserereke kwenye waya."

Watu wenye akili timamu wangecheka, wakampikia chai, wakamlaza. Hawa walifunga milango. Fundi aliacha gauni la bibi harusi likiwa na mkono mmoja. Na Wifi, yule dada wa mume wa Msusi, aliyekuwa amekuja kusukwa bure kama ilivyo desturi yake, akajipakia kiti cha nyuma bila kualikwa, simu mkononi.

Sasa wote watatu wameshavuka. Wako salama kwenye jukwaa la upande wa pili, wanapumua. Aliyebaki hewani ni Msusi peke yake, kwa sababu muongozaji alimwambia, "Dada, funga nywele uzifiche ndani ya helmeti," naye akajibu kwamba nywele kama zile hazifichwi, na kwamba helmeti yenyewe imemkaa kama sufuria iliyofunikwa na mtu mwenye haraka.

Sisi tunajua kwa nini hakufunga. Nywele zile ni wigi.

Ndiyo. Kile kichwa ambacho nusu ya wanawake wa mjini huingia saluni wakikinyooshea kidole na kusema "nataka kama hizo", kina nywele za dukani. Za kwake ziliondoka zamani, enzi za kujifunza kazi, alipokuwa akijaribia dawa za kulainisha kwenye kichwa chake mwenyewe. Zilitoka kwa mafungu na hazikuaga. Tangu hapo hakuna aliyekiona kichwa hicho. Hata mumewe. Hasa mumewe. Usiku alilala na kofia, akasema ni mafuta yanafanya kazi.

Na huyo mumewe ndiye yule Meneja wetu, bwana wa ghala la vifaa vya ofisi katika mji mwingine, anayeondoka Jumatatu na tai na kurudi Ijumaa na tai ile ile.

Basi, tuendelee. Shingo ya mtu inauma.

"Wifi!" Sauti ya Wifi mwenyewe ilivuka bonde, maana nao huitana hivyo. "Cheka kidogo basi! Mama anakuangalia!"

Wifi alikuwa amempigia mama yake, mama mkwe wa Msusi, simu ya video. Mama mkwe alikuwa nyumbani kwa Msusi, ambako alikuja kusalimia mwezi uliopita na salamu bado hazijaisha. Ukoo mzima ungeweza kuona, kama si umbali.

"Nitacheka nikishuka!" Msusi alijibu. Ukweli ni kwamba alikuwa anatetemeka mpaka mikanda inalia.

Ndipo muongozaji wa upande ule akapaza sauti. "Dada, tulia! Usijitikise! Kuna mwenzetu anakuja kwa nyuma yako. Akikufikia atazikata hizo nywele, mambo yamekwisha!"

Yamekwisha! Kijana wa watu hakujua alivyosema kweli.

Wigi likikatwa halitoi nywele tu. Linatoa nyuzi, linatoa wavu, linatoa vibanio. Mkataji atashika kitu mkononi na kuuliza, "Hiki ni nini?" Na Wifi, aliyesubiri siku kama hii tangu ndoa ilipofungwa, atakuwa na jibu, na ushahidi wa picha.

"Asikate!" Msusi alipiga kelele. "Mwambieni asikate!"

"Unataka kuhamia hapo?" Muuguzi aliuliza kutoka jukwaani. Usingizi ulikuwa umemwondolea huruma yote ya taaluma.

Mara ukungu ukashuka. Najua mnachowaza: mwandishi amebanwa, ameagiza ukungu. Nendeni milimani wenyewe mkaone kama ukungu wa kule unasubiri kuagizwa. Ulitambaa kutoka juu, ukala miti, ukala jukwaa, ukamla Wifi pamoja na simu yake, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Msusi alibaki na amani.

Aliona nafasi. Akalegeza mkanda wa kidevuni. Mkono mmoja akaishika helmeti isianguke, wa pili akauingiza chini yake na kuanza kufungua vibanio. Huyo ndiye msusi, msomaji. Mikono inaganda, bonde liko chini linamsubiri, na bado vidole vinajua kibanio kilipo. Kimoja, kingine, na kile cha nyuma ambacho siku zote ni kikaidi.

Akavuta kichwa chini. Kikatoka.

Wigi lilibaki juu, limekwama kwenye roda, linabembea. Yeye akaikaza helmeti juu ya upara, akainyoosha shingo, na akaona raha ambayo hakuiona siku nyingi. Upepo ulipita masikioni. Alikuwa amesahau kwamba upepo hufika pale.

Raha haikudumu. Waya ulianza kutikisika.

Mtu alikuwa anakuja kwa nyuma, analala chali, anajivuta kwa mikono yenye glavu, kidogo kidogo. Alivaa ovaroli, miwani mikubwa ya upepo, na kitambaa kilichofunika pua na mdomo. Alipofika alifunga ndoano yake kwenye mikanda ya Msusi, akavuta kuhakikisha, akapumua.

"Pole sana, dada," alisema. "Usiangalie chini. Niangalie mimi."

Msusi akamwangalia. Halafu akatamani aangalie chini.

Sauti ile! Sauti ile ndiyo inayouliza kila Jumatatu alfajiri, "Mke wangu, soksi zangu za ofisini ziko wapi?" Sauti ile ndiyo iliyomwambia kwa simu jana jioni, "Nimechoka, leo tulikuwa na kikao kirefu na wakaguzi."

Meneja! Meneja wa ghala, mwenye tai, mwenye katibu muhtasari, mwenye kiti kinachozunguka! Ananing'inia kwenye waya na ovaroli yenye kiraka gotini.

Moyo wa Msusi ulipiga, kisha ukajaa hasira, na hasira ilikuwa kubwa kuliko woga. Ofisi gani hii ambayo mawingu yanapita chini ya meza? Wakaguzi gani hao, tai wa mlimani?

Alifungua mdomo amtaje. Akaufunga. Maana wazo lilimjia, wazo tamu: hanijui.

Atanijulia wapi? Hajawahi kukiona kichwa hiki. Wanja umenitiririka mpaka kidevuni. Helmeti imenifika kwenye nyusi. Kwake mimi ni mteja mwenye upara aliyekwama. Basi, bwana, leo tutafanya kikao kirefu.

Akaishusha helmeti zaidi, akakwaruza koo, akatoa sauti ya mtu aliyevuta sigara tangu utotoni. "Asante, kaka."

"Nitaisafisha roda taratibu," Meneja alisema, macho yakiwa juu kwenye lile wigi. Hakuuliza ni la nani. Hakuuliza hata ni kitu gani. Alianza kuchomoa nywele kwenye gurudumu, unywele mmoja baada ya mwingine. "Itachukua muda kidogo. Tumefundishwa kumwongelesha mteja habari za nyumbani ili asahau alipo. Umeolewa, dada?"

"Nimeolewa."

"Hongera. Mzee anafanya kazi gani?"

"Meneja," Msusi alisema.

Vidole vya Meneja vilisimama kidogo, vikaendelea. "Kazi kubwa hiyo."

"Kubwa mno. Anakutana na wakaguzi mpaka usiku. Mtu wa watu anarudi nyumbani amechoka, hata kuosha kikombe hawezi."

"Wakaguzi wanachosha," Meneja alikubali.

"Ana harufu ya ukungu siku hizi. Nikimuuliza, anasema ni kiyoyozi cha ofisini."

Meneja alikohoa. Ukungu unaingia kooni, jamani.

"Na wewe, kaka," Msusi aliuliza kwa upole wa mtu anayenoa kisu, "umeoa?"

"Nimeoa. Mke wangu ana saluni. Bingwa hasa. Watu wanatoka mbali kumfuata."

"Anajua kazi yako hii?"

Meneja alilizungusha gurudumu la roda kidogo.

"Hajui," alisema mwishowe. "Anajua niko ofisini."

"Kwa hiyo unamdanganya."

"Namdanganya."

Hakujitetea, na hilo lilimuudhi Msusi zaidi. Ukijiandaa kugombana na mtu, halafu akakubali kosa mapema, anakuharibia siku.

"Kwa nini?" aliuliza. Ile sauti ya sigara ilianza kumponyoka.

"Ghala lilifungwa," Meneja alisema. "Walituita asubuhi, wakatushukuru, wakachukua funguo. Nikasema nikifika nyumbani nitamwambia mke wangu. Nikapitia saluni. Nikamkuta anamsuka mteja, anamwambia, 'Mume wangu ni meneja, akisema watu wanakaa wima.' Alikuwa anacheka. Mama yangu naye alikuwa ameshatangaza ukoo mzima. Nikasema nitamwambia kesho."

"Kesho ikawa ngapi?"

"Usinihesabie, dada. Nilikuja huku kuomba kazi ya kukata tiketi. Nafasi ilikuwa imejaa, wakanipa mikanda." Alichomoa unywele mwingine. "Na kibaya zaidi, kazi naipenda. Kule nilikuwa nalinda karatasi ambazo hakuna aliyetaka kuziiba. Huku mtu anakuja anatetemeka, namvusha, anafika upande wa pili anaruka kama mtoto. Sasa hilo utamwelezaje mwanamke aliyekunyooshea tai ya hariri?"

Tai ile ya hariri aliinunua Msusi mwenyewe. Aliinyoosha yeye, kila Jumapili jioni, kwa pasi ya moto mdogo, na kila mara alijisikia fahari. Sasa aliona aibu. Hakuwa na uhakika aibu ni ya nani, yake au ya mumewe.

"Ungemwambia tu," alisema. "Angeelewa."

"Labda. Ila na yeye ana lake ambalo hajaniambia."

Mikono ya Msusi ilikaza mikanda. "Lipi?"

"Anaogopa nisione kichwa chake."

Hapo, msomaji, kama waya ungekatika wakati ule, Msusi asingegundua.

"Nilikiona zamani," Meneja aliendelea, macho bado kwenye roda. "Mwaka ule ule wa kwanza. Kofia ilimvuka akiwa amelala. Nilikitazama kwa muda. Kichwa kizuri tu, kimekaa vizuri. Nikamvisha kofia yake taratibu, nikazima taa. Nilisema akiwa tayari ataniambia. Basi tukaishi hivyo, kila mtu na kofia yake."

Machozi yalimjia Msusi bila kupiga hodi, ya aibu na ya mapenzi kwa pamoja, yakaungana na wanja na kushuka.

"Na kama inawezekana," Meneja alisema, na sasa alimtazama usoni, "naomba asilie. Kuna watalii wanapita chini."

"Ulinijua!"

"Nilikujua tangu kule mwanzo wa safari, ulipoanza kugombana na helmeti. Nani mwingine duniani anamwambia muongozaji helmeti imekaa kama sufuria? Nilikimbilia nyuma ya kibanda cha tiketi. Nikasema nitakaa humo mpaka muondoke."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

"Ulikwama," alisema.

Jibu ndilo hilo. Msusi alitaka kumpiga kofi na kumkumbatia, na kwa kuwa alikuwa amefungwa mikanda mahali pote, alimpiga teke dogo la gotini, pale penye kiraka. Meneja alilipokea kama salamu.

"Unacheza na watu wewe! Umeniacha naongea na sauti ya mlevi muda wote huo!"

"Ilikuwa nzuri. Ukiacha saluni, nenda redioni."

Walicheka. Wakaogopa, maana kicheko kilitikisa waya, wakaacha.

Pale pale hewani wakapanga mambo yao kama wanandoa wenye busara, yaani wakapanga uongo mpya. Wigi likitoka kwenye roda, Meneja atalificha kifuani mwa ovaroli. Wakifika jukwaani, yeye hatafungua kitambaa wala miwani. Msusi ataenda na helmeti yake mpaka chooni, wigi litapitishwa dirishani, atatoka malkia kama alivyokuja. Ijumaa Meneja atarudi nyumbani na tai. Mwezi ujao, taratibu, atamwambia mama yake kwamba ameacha kazi kwa hiari yake.

"Sisi kwa sisi tumemaliza kudanganyana," Msusi alisema. "Waliobaki ni wengine."

"Hewala," alisema Meneja, akavuta unywele wa mwisho.

Wigi likachomoka. Upepo ukalichukua kabla ya mkono wake. Lilielea juu ya bonde kwa madaha ambayo halikuwahi kuyapata kichwani mwa mtu, likatua kwenye kilele cha mti mrefu. Ndege wa kule wamepata nyumba ya kifahari.

Wote wawili walilitazama.

"Basi helmeti mpaka garini," Meneja alisema. "Sema kichwa kinauma."

"Kinaniuma kweli."

Wakaserereka. Ukungu ukafunguka kwa mbele, na jukwaa likatokea na watu wake wote, mteja na asiye mteja, wakipiga makofi. Fundi alikuwa analia. Muuguzi alikuwa amelala kwenye benchi, akaamka, akampima Msusi mapigo ya moyo bila kufungua macho sawasawa, akarudi kulala. Na mbele kabisa, simu imenyooshwa, alisimama Wifi.

"Kafika, mama! Kafika mzima!" aliitangazia simu. "Wifi, mbona umeng'ang'ania helmeti? Nywele ziko wapi?"

"Nimezibana," Msusi alisema. "Kichwa kinaniuma. Twendeni garini."

Ilikuwa inakwenda vizuri. Hatua chache tu. Meneja alikuwa ameinama anafungua ndoano zake, kimya kama jiwe.

Ndipo muongozaji wa pale, kijana mchangamfu asiyejua kunyamaza, akampiga mwenzake begani. "Kazi safi, Meneja!"

Wifi aligeuka. "Mnamwita nani meneja?"

"Huyu. Ni jina tulilompa. Siku ya kwanza alikuja kazini na tai."

Wacheni tumwelewe Wifi. Ana ubaya wake, lakini akili anayo. Alimtazama yule mtu aliyeinama. Alitazama mabega. Alitazama masikio, ambayo katika ukoo wao hayafichiki. Akamsogelea, mkono umeelekea kwenye kile kitambaa.

"Kaka, hebu fungua uso. Mama anataka kukushukuru. Fungua tu, usione haya."

Meneja alirudi nyuma. Ndoano moja ilikuwa bado imemfunga kwenye nguzo. Hakuwa na pa kwenda. Msusi aliona macho yake nyuma ya miwani, na hakuwahi kuyaona yakiogopa vile, hata hewani. Aliyaelewa. Simu ile ilikuwa na mama mkwe ndani yake, na jioni ingekuwa na ukoo mzima. Meneja wa ukoo, tegemeo la wote, amevaa ovaroli yenye kiraka. Wangemcheka mpaka kwenye misiba.

Vidole vya Wifi vilikuwa vimeshagusa kitambaa.

Msusi akafungua mkanda wa kidevuni. Akavua helmeti.

Upara ule uliona jua kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, na jua, kwa umbea wake, liliung'arisha.

"Mungu wangu," alisema Fundi. "Shoga, zimeng'oka zote huko juu?"

"Hazikuwepo," alisema Msusi. "Ni wigi. Siku zote lilikuwa wigi." Alisimama wima. Kwenye foleni ya wanaosubiri zamu yao ya kurudi, wanawake wawili aliowasuka mwezi ule walishika vichwa vyao.

Wifi aliacha kitambaa. Alisahau kabisa kama kuna mtu anaitwa muongozaji. Simu ikageuka na kumvamia Msusi.

"Mama! Mama unaona? Wifi hana nywele! Hana hata moja!" Alicheka mpaka akajishika mbavu. "Miaka yote hii anatutambia! Maskini kaka yangu, kumbe ameoa kichwa gani!"

Ndoano ya Meneja ilifunguka. Njia ya ngazi ilikuwa wazi, na hakuna aliyemtazama. Msusi alimpa ishara kwa macho: nenda. Akaenda. Alishuka ngazi ya kwanza, ya pili. Msusi alishusha pumzi. Alikuwa ameuza kichwa chake, lakini mali imefika salama.

Kicheko cha Wifi kiliendelea. Watu wengine wakaanza kucheka naye.

Meneja alisimama. Akageuka. Akapanda ngazi zile zile, akavua miwani, akashusha kitambaa mpaka shingoni, akaja kusimama kando ya mkewe.

"Nimeoa hicho hicho," alisema. "Kuna mwenye swali?"

Wifi alifunga mdomo. Ukimjua Wifi, unaelewa kwamba huo ulikuwa muujiza mkubwa kuliko wote siku ile. Msusi alimshika mumewe mkono mbele za watu, glavu na jasho na yote, na hakujali tena nani anamtazama kichwani.

Lakini simu haikufungwa.

"Hiyo ni sauti ya mwanangu," ilisema simu. "Geuza nimwone."

Wifi akaigeuza. Mama mkwe alijaa kwenye kioo, jicho moja na nusu paji la uso, kama kawaida yake.

"Mwanangu. Hayo mavazi gani? Ofisi imekupeleka mlimani?"

Meneja alimtazama mkewe. Mkewe akaubana mkono wake.

"Mama, hakuna ofisi. Ghala lilifungwa. Mimi si meneja. Kazi yangu ni hii unayoiona. Nisamehe kwa kukuficha."

Walingoja mvua ya maneno. Haikuja. Jicho la mama mkwe lilipepesa, likapepesa tena.

"Hakuna ofisi?" aliuliza polepole.

"Hakuna, mama."

"Hakuna kabisa?"

"Kabisa."

"Sasa hawa vijana," alisema mama mkwe, "waliokuja na lori baada ya mkeo kuondoka, wa heshima kabisa, wamevaa tai, wakasema wametumwa na ofisi ya Meneja, kwamba umepandishwa cheo unahamishwa na kampuni imegharamia usafiri wa vitu... hawa ni nani?"

Aliirudisha simu nyuma ili waone vizuri. Nyuma yake palikuwa ukuta. Hapakuwa na kabati, wala makochi, wala pazia. Palikuwa na msumari, na chini ya msumari alama nyeupe ya mraba pale ilipokuwa picha ya harusi.

"Mama," Msusi alisema, "umewaachia wachukue?"

"Nimewasaidia kubeba! Nimewafungashia vyombo kwenye magazeti visivunjike. Chai pia nimewapikia." Aligeuza shingo kuelekea mlangoni. "Ngoja kwanza. Hao wanapiga hodi, wamerudi kuchukua friji. Wacha niwafungulie."

"Mama, usifungue!" walipiga kelele wote, Msusi, Meneja, Wifi, hata Muuguzi aliyekuwa amelala. "Usifungue mlango!"

Lakini ukungu ulikuwa umerudi, na mtandao wa mlimani ukakatika. Kwenye kioo mama mkwe aliganda vile vile, mkono wake umeshashika kitasa.